Nani Kaandika Jibu Hili?

Wanafunzi 33 waliofanya mitihani ya shahada ya kwanza ya saikolojia katika Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, hawakuwahi kuzaliwa. Walitungwa na watafiti wa chuo hichohicho, na majibu yao yakaandikwa na programu ya akili unde ya GPT-4. Mitihani ilikuwa ya kufanyia nyumbani bila msimamizi: ya maswali mafupi ilipewa saa mbili na nusu, ya insha saa nane. Wasahihishaji hawakuambiwa kitu. Matokeo yaliyochapishwa Juni 2024 yalionyesha kwamba asilimia 94 ya kazi hizo zilipita bila kutiliwa shaka, na kwa jumla zilipata alama za juu kuliko za wanafunzi wenye damu na nyama.

Utafiti huu hutajwa sana na wanaotaka kila kitu kirudi ukumbini: madawati yaliyoachanishwa, mabegi mlangoni, saa ya ukutani. Mimi nausoma kwa namna nyingine. Pale Reading walichukua mtihani wa kawaida, wakaupeleka nyumbani na maswali ya aina ileile, halafu msimamizi wakamwacha nyuma. Mtihani wa namna hiyo ulikuwa umekufa kabla haujafika nyumbani. Swali la kama upimaji wa mbali unawezekana bado liko palepale.

Chanzo cha kosa hilo kinaeleweka. Machi 2020, korona ilipofunga vyuo karibu dunia nzima, hakuna aliyekuwa na nafasi ya kubuni upya. Tanzania ilivifunga vyuo katikati ya Machi na kuvifungua Juni 1, kwa hiyo wengi wetu tulingoja tu milango ifunguliwe. Wengine hawakuwa na pa kungojea. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, ambacho kimefundisha watu wakiwa makwao tangu 1971, kilikuwa hadi mwaka huo bado kinawakusanya wanafunzi wake kwenye vituo vya mitihani, na kikalazimika kuacha ghafla. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, nacho kilijengwa kwa mtindo huohuo: soma popote ulipo, ila siku ya mtihani fika kituo cha mkoa. Yaani hata taasisi zilizoamini kwamba mtu anaweza kufundishwa akiwa mbali hazikuamini kwamba anaweza kupimwa akiwa mbali.

Sisi wa Afrika Mashariki tumeirithi imani hiyo moja kwa moja. Mwaka 1858 Chuo Kikuu cha London kiliifungua mitihani yake kwa watu ambao hawakusoma katika vyuo vyake. Makerere iliingia katika uhusiano maalumu na London mwaka 1949, na Chuo cha Dar es Salaam kilipoanza na kitivo cha sheria mwaka 1961 kilikuwa chini ya London vilevile. Mwalimu alikuwa hapa, shahada ilikuwa ya kule, na kilichounganisha pande mbili kilikuwa mtihani. Ndiko alikotoka mtahini wa nje, ambaye hadi leo idara humwandalia chai na mafaili kila mwisho wa mwaka.

Tusiubeze mfumo huo. Kijitabu cha majibu hubeba namba, na msahihishaji hana habari kama mwenye namba ni mtoto wa waziri au wa mama ntilie. Katika nchi ambako rushwa ya ngono imebidi iandikiwe kifungu chake, cha 25, ndani ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, namba badala ya jina ni kinga ya kweli. Ukumbini mamluki wanaofanyia wengine mtihani wanaingia, ndiyo, na mwakenya, kile kikaratasi cha majibu, hufichwa kwenye mkono wa shati, lakini kila hila ina hatari yake na inamnasa mmojammoja.

Udhaifu wa ukumbi uko kwenye kile unachopima. Mwanafunzi anakesha na desa za mwaka juzi, anazimwaga kwenye karatasi kwa saa tatu, na wiki mbili baadaye hana hata moja kichwani. Tunampa alama kwa kazi ambayo hakuna mwajiri atakayempa. Mhandisi anayesanifu daraja kwa kukumbuka tu, bila kufungua jedwali wala kikokotoo, anastahili kufukuzwa kazi. Chuoni tunampa A.

Basi vyuo vilipoona mtihani wa nyumbani unavuja, vingi vilikimbilia kamera. Programu inawasha kamera ya kompyuta, inafuatilia macho na sauti, na kabla ya kuanza inaweza kumtaka mtahiniwa azungushe kamera chumba kizima. Mwaka 2021 mwanafunzi wa kemia wa Chuo Kikuu cha Cleveland State, Marekani, alitakiwa kufanya hivyo chumbani kwake anakolala. Alikishtaki chuo, na Agosti 2022 jaji wa shirikisho akaamua kwamba ukaguzi ule ulivunja kinga ya kikatiba dhidi ya upekuzi usio na sababu. Uholanzi, mwanafunzi mweusi wa Chuo Kikuu cha VU Amsterdam alilalamika kwamba programu ilikuwa haiuoni uso wake, ikabidi afanye mitihani akiwa amejimulika taa usoni. Taasisi ya haki za binadamu ya nchi hiyo mwanzoni, Desemba 2022, ilikubali kwamba kuna dalili za ubaguzi; mwaka uliofuata ikahitimisha kwamba chuo kimeweza kuonyesha programu haikumbagua, ila kililishughulikia vibaya lalamiko lake. Hata ukichukua uamuzi huo wa mwisho, mwanafunzi alishafanya mtihani na taa usoni.

Sasa ihamishe kamera hiyo Mbagala au Kibera. Mwanafunzi anaishi chumba kimoja na wadogo zake, jirani kafungulia redio, umeme ukikatika anahamia kwenye simu na bando lenyewe la kuungaunga. Programu itamwandikia kila mtoto aliyepita nyuma yake kuwa tukio la kutiliwa shaka. Kitakachopimwa hapo ni hali ya nyumba yake.

Njia ya pili ni programu za kugundua maandishi ya akili unde, na hizi nadhani zinapaswa kututisha kuliko kamera. Mwaka 2023 watafiti wa Stanford walizijaribu programu saba za aina hiyo kwa insha 91 zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, kwa ajili ya mtihani wa TOEFL. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo, asilimia 61, zilihukumiwa kuwa kazi ya mashine, ilhali insha za watoto wa shule wa Marekani zilipita karibu zote. Sababu ni kwamba programu hizi hutafuta maandishi yanayotabirika, na mtu anayeandika kwa lugha ya tatu hutumia msamiati mdogo na sentensi salama. Huyo ni mwanafunzi wetu hasa. OpenAI, waliotengeneza ChatGPT, walikiondoa chombo chao wenyewe cha ugunduzi Julai 2023 kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo. Mhadhiri anayemfukuzisha mtu chuo kwa asilimia iliyotokea kwenye skrini anafanya ramli.

Tena tusijidanganye kwamba kazi za nyumbani zilikuwa safi kabla ya mashine kuja. Kwa miaka mingi Nairobi imekuwa na soko kubwa la vijana wenye shahada zao wanaoandikia wanafunzi wa Uingereza na Marekani insha, na hata tasnifu, kwa malipo. Profesa Patricia Kingori wa Oxford, mzaliwa wa Kenya, amewachunguza na filamu ikatoka mwaka 2024. Uingereza iliharamisha huduma hizo kwa vyuo vyake kwa sheria ya Aprili 2022, miezi michache tu kabla ya ChatGPT kufunguliwa kwa umma na kuanza kuwanyang'anya vijana hao wateja. Mtu anaweza kuwalaumu. Mimi huwaza kwanza kwamba walikuwa wakifaulu mitihani ya vyuo vya nchi ambazo zisingewapa viza.

Kinachobaki ni kubadili kazi yenyewe, na hapa ndipo maneno "tathmini mbadala" yanapata maana. Chukua somo la uchumi mwaka wa kwanza. Swali la ukumbini ni lile tunalolijua: eleza sababu tano za mfumuko wa bei. Mashine italijibu kabla hujamaliza kuliandika. Badala yake, mpe mwanafunzi wiki sita. Achague soko lililo karibu na kwao, aandike kila Jumamosi bei ya kilo ya unga, lita ya mafuta ya kula, fungu la nyanya na mkungu wa ndizi, na jina la mtaa alikonunua. Kisha alinganishe alichokiona na fahirisi ya bei inayotolewa kila mwezi na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, aeleze kwa nini vinatofautiana. Daftari la wiki ya pili liwasilishwe wiki ya pili. Lisingojwe la mwisho. Ruhusa ya kutumia akili unde iwepo, kwa sharti aeleze alipoitumia.

Mashine inaweza kumwandikia aya nzuri kuhusu ugavi na mahitaji. Haiwezi kwenda sokoni Buguruni. Inaweza kumbunia bei, hilo ni kweli, na ndiyo maana kazi haiishii kwenye karatasi. Mwanafunzi anaitwa kwa dakika kumi, kwa simu ya video au uso kwa uso, daftari lake likiwa mbele ya mtahini. Mtahini anamuuliza: wiki ya tatu nyanya zimepanda maradufu, ilikuwaje? Aliyekuwa sokoni atakuambia mvua ilikata barabara, au kwamba fungu lenyewe lilipunguzwa likawa nyanya nne badala ya sita, kwa hiyo bei halisi ilipanda zaidi ya ilivyoandikwa. Huyo wa pili mpe alama zake, ameelewa kitu ambacho vitabu hukiweka sura ya kumi na mbili. Aliyebuni bei ataanza kuzungumzia sera za fedha.

Wenzangu wakisikia dakika kumi hushika kichwa. Tuna wanafunzi 600 darasani! Haya, tupige hesabu. Dakika kumi mara 600 ni saa 100. Vijitabu 600 vya mtihani, ukivisahihisha kwa robo saa kila kimoja, ni saa 150. Ukiweka watahini wawili kwa kila mwanafunzi, kama ninavyotaka, saa za kazi zinafika 200, na bado hujasoma daftari. Kwa hiyo ni ghali zaidi, lakini si kwa kiasi kile watu wanachodhani, mradi mahojiano yachukue nafasi ya mtihani wa mwisho. Idara nyingi zinakwama hapo: zinaongeza jipya bila kuondoa la zamani, mhadhiri anachoka, mwaka wa pili kila kitu kinarudi kama kilivyokuwa.

Tatizo kubwa zaidi ni lile la namba. Ukimwita mwanafunzi azungumze, umemwona sura, umesikia lafudhi, umejua ni wa kike au wa kiume na pengine anatoka wapi. Kinga ya kijitabu imekwisha. Ndiyo maana nataka watahini wawili, maswali ya kufuatilia yaandikwe kabla, na mazungumzo yote yarekodiwe sauti ili mtahini wa nje asikilize sampuli na mwanafunzi aliyeonewa awe na cha kukatia rufaa. Chuo kisichoweza kutunza rekodi hizo kisianze.

Na lugha? Mwanafunzi aliyekwenda sokoni alizungumza Kiswahili sokoni. Sioni kwa nini asiulizwe kwa Kiswahili, hata kama ripoti ameiandika kwa Kiingereza. Kanuni za vyuo vingi hazijafika huko, na woga wa Kiingereza utawaangusha wengi ambao ulimi unawasaliti ila somo wanalijua.

Yapo mambo ya kubaki chini ya macho ya mtu. Tangu 1975, Ronald Harden alipoanzisha huko Dundee mtihani wa vituo kwa wanafunzi wa udaktari, muuguzi na daktari hupimwa wakifanya: pima presha hapa, mweleze mgonjwa yule, choma sindano kwenye mkono wa plastiki. Huwezi kulifanya hilo kwa kiungo cha mtandao. Chuo Kikuu cha Sydney kimegawa upimaji wake kwa njia mbili: baadhi ya tathmini hufanywa chini ya usimamizi kamili, nyingine zote zimefunguliwa, na katika hizo akili unde inaruhusiwa. Naukubali mgawanyo huo kwa sababu ni mkweli. Unakiri kwamba kazi isiyosimamiwa haiwezi kulindwa, na unaiacha ifanye kazi ya kufundisha.

Kwetu njia ya katikati tayari ina majengo. Vituo vya mikoa vya Chuo Kikuu Huria vipo, na watu wanavijua njia. Mwanafunzi wa Kigoma au Mtwara asiye na bando anaweza kufika kituoni, msimamizi akamtambua kwa kitambulisho, akakaa mbele ya skrini, na akahojiwa dakika kumi na mtahini aliyeko Dar es Salaam kuhusu kazi aliyoifanya wiki sita kijijini kwao. Kinachohitajika ni chumba tulivu, intaneti, betri ya akiba kwa umeme ukikatika, na ratiba ambayo haimlazimu kusafiri siku mbili kwa ajili ya dakika kumi.