Mnanaa na Mlinzi wa Baridi

Hadisi! Hadisi njoo!

Sogeeni jamvini, wa Kataki na wa ng'ambo ya mto Lukuga, hapa Kalemie. Leo sina sungura wala fisi. Nina jani. Lina kingo zenye meno madogo madogo. Lifikicheni kidogo, mnuse. Mmeona? Hata aliyekuwa akisinzia kwa joto la mchana amefumbua macho. Huu ndio mnanaa wa peremende, ule mliokwisha kuuonja katika pipi na dawa ya meno.

Wazazi wake ni minanaa miwili iliyochanganyika, mmoja wa penye majimaji na mwingine wa bustanini. Mwingereza John Ray aliuandika kitabuni mwaka 1696. Kwa kuwa ni chotara, kwa kawaida hauzai mbegu zinazoota. Wenyewe hutambaa kwa vishina vyake, kwa hiyo anayetaka kuupanda huomba kipande chenye mizizi kwa jirani. Uwekeni kwenye beseni kuukuu, la sivyo utaifukuza lengalenga ya mama zenu bustanini.

Sasa swali. Mbona chai ya mnanaa ni ya moto, nayo inaacha baridi mdomoni?

Mdomoni, puani na kwenye ngozi kuna mishipa ya fahamu, na ncha zake zina milango midogo isiyoonekana kwa macho. Mlango mmoja una mlinzi mwenye kazi moja tu: baridi ikija, afungue na kupeleka habari kwenye ubongo. Ndani ya jani hili mna kitu kinachoitwa mentholi. Mentholi humgusa mlinzi huyo, naye hufungua upesi, ingawa baridi haijafika hata kizingitini. Ubongo unapokea habari, unaamini. Huo ni uongo mtamu kushinda wa sungura!

Mlinzi huyo aligunduliwa mwaka 2002 na makundi mawili ya watafiti huko Marekani, kila moja kivyake. Katika moja alikuwamo David Julius, katika jingine Ardem Patapoutian, na mwaka 2021 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kufumbua jinsi mwili unavyohisi joto, baridi na mguso. Patapoutian alizaliwa Beirut, Lebanoni, akakulia katikati ya vita, akahamia Marekani akiwa kijana. Namtaja kwa sababu baadhi yenu hapa mlifika Kalemie na familia zenu mkikimbia vita, na nisingependa mdhani sayansi ni ya waliolelewa kwa utulivu peke yao.

Je, harufu ya mnanaa inasaidia kichwa kushika masomo? Mwaka 2008, watafiti wa Chuo Kikuu cha Northumbria, Uingereza, walitoa matokeo ya majaribio yao kwa watu 144. Wengine walifanya mitihani ya kumbukumbu katika chumba chenye harufu ya mnanaa, wengine ya ua la mlangilangi, wengine bila harufu yoyote. Wa mnanaa walikumbuka vizuri zaidi na walikuwa macho zaidi. Wa mlangilangi walitulia, lakini kumbukumbu yao ikashuka. Hayo yalipimwa kwa muda mfupi tu, siku ileile. Hakuna aliyetoka na akili mpya. Asiyesoma somo lake, mnanaa utamkumbusha nini?

Kuna pia habari ya njaa. Bryan Raudenbush, mtafiti wa West Virginia, Marekani, aliwapa watu mnanaa wanuse kila baada ya saa mbili, nao wakala kidogo kuliko kawaida yao. Walikuwa watu wachache, na huo si ushahidi wa kujengea nyumba. Tena ni jambo la mahali ambapo chakula kimejaa na shida ni kujizuia. Hapa kwetu yupo mtoto anayekwenda shule hajatia kitu mdomoni. Njaa yake si ya kudanganywa kwa jani.

Sikieni vizuri hapa. Ubongo wa mtu mzima hutumia kama moja ya tano ya nguvu ambazo mwili hupata kwenye chakula. Wa mtoto wa miaka mitano hutumia karibu nusu! Nguvu hizo hazimo katika harufu. Zimo katika uji, bugali, maharage, mawese, na katika ndakala wa ziwa letu, wale mnaowala na kichwa na mifupa yao. Samaki wadogo wana protini, mafuta mazuri na chokaa ya mifupa. Mimi ningetoa shamba zima la mnanaa kwa sahani moja ya ndakala.

Chai ya mnanaa ni nzuri baada ya kula. Mentholi hulegeza misuli ya utumbo, na mafuta ya mnanaa yaliyowekwa katika vidonge maalumu hutumika hospitalini kwa watu wenye msokoto wa tumbo wa mara kwa mara. Lakini mwenye kiungulia auache, maana hulegeza pia mlango wa juu wa tumbo, uchachu ukapanda kooni.

Na mkirudi nyumbani, waambieni wakubwa neno hili: mafuta ya mnanaa ya chupani hayanywewi ovyo, na mtoto mchanga asipakwe mentholi puani wala kifuani hata akiwa na mafua, kwa sababu inaweza kumzuia kupumua. Mpelekeni kituo cha afya.