Matembezi Mafupi Katika Msitu wa Mary Cairncross

Hifadhi ya Mary Cairncross iko karibu na mji mdogo wa Maleny, jimbo la Queensland, mashariki mwa Australia, kaskazini mwa jiji la Brisbane. Ni msitu wa mvua wa hekta 55 hivi tu, na anayekwenda huko hupita kwanza malisho ya ng'ombe. Malisho hayo yanaeleza mengi. Uwanda huu wa juu, ulio zaidi ya meta 400 kutoka usawa wa bahari, una udongo mwekundu wa volkeno na mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka, kwa hiyo zamani karibu wote ulikuwa msitu. Hii ni nchi ya asili ya watu wa Jinibara. Katika karne ya 19 walifika wakata mbao wakiutafuta mwerezi mwekundu, na nyuma yao wakaja wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, wakafyeka kilichobaki. Kipande hiki kilipona kwa sababu wenyewe walikataa kisikatwe. Mwaka 1941 mabinti wa familia ya Thynne walikikabidhi kwa halmashauri ili kihifadhiwe, kwa kumbukumbu ya mama yao, ambaye jina lake la ujana lilikuwa Mary Cairncross.

Kabla ya kuingia msituni, macho hupata karamu yake. Upande wa pili wa bonde imesimama milima ya Glass House, vilele vya mawe vilivyochongoka, mabaki ya volkeno zilizozimika zaidi ya miaka milioni 25 iliyopita. Baharia Mwingereza James Cook aliiona kutoka baharini mwaka 1770.

Njia yenyewe ni ya mduara, na hata mtoto anayesimama kila hatua huimaliza kwa saa moja hivi. Sehemu yake inapitika kwa kiti cha magurudumu na kigari cha mtoto. Hatua chache tu ndani, jua hubaki juu kwenye majani, na chini kuna kivuli na ubaridi hata mchana wa kiangazi. Anayekwenda haraka ataona miti mingi ya kijani na basi. Msitu huu unawalipa wanaokwenda polepole.

Mti unaostahili zaidi mtu asimame autazame ni mtini mnyongaji. Ndege hula tini, kisha huacha mbegu pamoja na kinyesi kwenye panda ya mti mwingine, juu kabisa. Mbegu huota huko huko na kuteremsha mizizi myembamba mpaka ardhini. Ikishafika, hunenepa, hukutana na kushikamana, mpaka shina la mwenyeji linazingirwa pande zote. Baada ya miaka mingi mwenyeji hufa na kuoza, na mtini hubaki umesimama peke yake, katikati una uwazi. Mtoto akichungulia kati ya mizizi ataona nafasi ulipokuwa ule mti wa kwanza.

Mmea mwingine hutazamwa kwa mbali. Ni mti wa vinyweleo vinavyochoma, wenye majani mapana ya umbo la moyo, mara nyingi yametobolewa na wadudu, na hupenda mahali ambapo mti mkubwa umeanguka na kuruhusu mwanga. Aliyewahi kuguswa na upupu asidhani anaujua mti huu. Vinyweleo vyake hukatikia ndani ya ngozi na kuacha sumu, na maumivu yanaweza kurudi kwa wiki kadhaa. Kusugua huzidisha. Dawa iliyo bora ni kutotoka njiani.

Wanyama ni wengi kuliko wanavyoonekana. Pademelon, aina ya kangaruu mdogo, hula majani na matunda yaliyoanguka, na akishtuka hupiga ardhi kwa miguu ya nyuma kuwaonya wenzake. Aina moja ya ndege hutoa mlio mkali kama wa mjeledi. Wengi hudhani ni sauti ya ndege mmoja, kumbe dume hupiga mjeledi na jike humalizia kwa milio mifupi. Bata mzinga wa porini dume hukusanya majani kuwa kichuguu kikubwa. Majani yakioza hutoa joto linaloangua mayai, naye hutia mdomo ndani kulipima, akiongeza majani au kuyapunguza. Vifaranga hujifukua wenyewe na kuanza maisha bila mama wala baba.

Baada ya mvua, ruba hupanda viatuni. Hawana madhara makubwa, ila suruali ndefu na soksi ni busara. Mbwa haruhusiwi kabisa, hata akiwa amefungwa kamba, kwa kuwa harufu yake tu huwatisha pademelon. Langoni kuna kituo cha maonyesho kinachoeleza viumbe wa msitu, na ni vizuri kukitembelea baada ya matembezi, watoto wakiwa tayari na maswali yao.