Bunduki kuukuu haichaguliwi kwa mng'aro wake

Uzuri wa mkakasi, walinena wahenga, ndani kipande cha mti. Aghalabu methali hii huifunza darasani tunapozungumzia tabia za watu. Leo nataka kuitumia kwa kifaa ambacho wengi wetu hatutawahi kukishika maishani, nacho ni bunduki ya kuwindia iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine.

Msomaji ataniuliza: mjadala huu watufaa nini sisi Wakenya, ilhali uwindaji wa kujifurahisha ulipigwa marufuku nchini mwetu mwaka wa 1977? Swali hilo ni la haki. Hata hivyo, kwa jirani zetu wa Tanzania uwindaji kwa leseni ungali halali, nao unasimamiwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka wa 2009. Isitoshe, kila inapozuka hapa kwetu hoja ya kutaka marufuku ile iondolewe, wanaoiunga mkono na wanaoipinga husema mengi juu ya fedha za wageni, na machache mno juu ya risasi.

Mimi nashikilia kwamba suala la risasi ndilo la kwanza. Mnyama aliyepigwa kwa silaha isiyomfaa hafi papo hapo. Hutoroka na jeraha lake, akateseka siku nyingi. Akiwa nyati, hujificha kichakani akamngojea adui yake. Na anayetangulia kumfuata humo mara nyingi si tajiri aliyefyatua, bali ni msoma nyayo, mtu wa kijiji, ambaye huenda hana hata rungu mkononi. Kwa hiyo, kosa linalofanywa dukani hulipwa porini, tena hulipwa na mwingine.

Basi tuanze na bunduki yenyewe. Kitako cha mti kinaweza kusuguliwa na kupakwa mafuta kikang'aa kama kipya, na chuma kikatiwa rangi nyeusi upya. Mnunuzi mwerevu hababaishwi na hayo. Kwanza huhakikisha kuwa bunduki haina risasi, kisha huchomoa komeo, akauelekeza mtutu penye mwanga na kuchungulia ndani. Humo mna mifuo iliyochongwa kwa kuzunguka mfano wa skrubu, nayo ndiyo inayoizungusha risasi hata ikaenda bila ya kuyumba. Mifuo ikiwa imelika, au mtutu una vishimo vya kutu, uzuri wa kitako ni bure.

Kutu hiyo ina historia yake. Hadi kufikia katikati ya karne ya ishirini, risasi nyingi za kijeshi zilikuwa na fataki ambazo, zikishalipuka, ziliacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi haiyeyuki katika mafuta. Huyeyuka katika maji. Aliyepitisha kitambaa cha mafuta peke yake alidhani amesafisha, kumbe ameiacha chumvi ivute unyevu wa hewa na kukila chuma usiku kucha. Mwalimu wa kemia ana somo zima hapo.

Liko jambo jingine ambalo jicho haliwezi kulipima, nalo ni nafasi iliyopo baina ya komeo na kitako cha ganda la risasi. Nafasi hiyo ikizidi kwa sababu ya uchakavu, ganda laweza kupasuka na moto kumrudia mpigaji usoni. Kazi ya kuipima ni ya fundi wa silaha mwenye vipimo maalumu. Anayeokoa ada ya fundi huenda akalipa kwa jicho lake.

Sasa tuje kwenye risasi. Mwaka wa 1888 jeshi la Ujerumani lilianza kutumia risasi ya milimita 8. Mwaka wa 1905 risasi hiyo ilibadilishwa, upana wake ukaongezwa kwa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, na baruti yake ikawa kali zaidi. Maganda yake yanafanana mno. Katika majina ya risasi hizo, kinachoitambulisha ile mpya ni herufi S. Mtu akiitia mpya katika mtutu wa kale wenye tundu jembamba, shinikizo hupanda kupita kiasi, na mtutu waweza kupasuka. Wanafunzi wanaonung'unika wanapopunguziwa alama kwa herufi moja tu na wazingatie mfano huu.

Kadhalika kuna suala la ukubwa. Mwaka wa 1912 kampuni ya Holland & Holland ya London ilitoa risasi ya inchi .375, ambayo kwa kawaida huwa na uzito wa gramu 19 hivi. Hadi leo wawindaji wengi huihesabu kuwa kipimo cha chini cha kumkabili nyati au ndovu. Tena si ukubwa peke yake, bali aina pia. Risasi yenye ncha laini hutanuka ikiingia mwilini, nayo yamfaa swala. Risasi ngumu haitanuki, bali hupenya ngozi nene na mfupa. Anayempiga ndovu kichwani kwa risasi ya swala humtesa bure, na hujiponza mwenyewe.

Wapo watakaonipinga kwa kumtaja W. D. M. Bell, Mskoti aliyewinda Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne ya ishirini. Yeye aliwaua ndovu zaidi ya elfu moja, wengi wao kwa bunduki ndogo ya milimita 7. Hilo ni kweli, lakini hadithi haiishii hapo. Bell alipasua mafuvu ya ndovu kwa msumeno ili ajue ubongo ulipo, na alitumia risasi ngumu tu. Yote hayo aliyafanya kwa ajili ya pembe, na maangamizi yale hayastahili kuigwa. Lakini tukitafuta funzo, tutaona kuwa kilichoifanya bunduki ndogo itoshe ni elimu ya mtu aliyeishika. Asiye na elimu ile na akitii kipimo.

Maoni yangu, kwa hiyo, ni kwamba leseni peke yake haitoshi. Nchini Ujerumani mtu hapewi ruhusa ya kuwinda kabla ya kufaulu mtihani unaohusu wanyama, silaha na sheria. Popote uwindaji uliporuhusiwa katika Afrika Mashariki, na popote utakaporuhusiwa, mtihani wa namna hiyo ungepaswa kutangulia, nao usiangalie unene wa mfuko wa mtahiniwa. Asiyeweza kuchungulia mtutu na kuueleza hali yake, wala kuzisoma alama zilizogongwa kwenye kitako cha ganda, hajafika daraja ya kumwinda kiumbe mwenye uhai. Tusimruhusu kumtanguliza msoma nyayo kichakani akalipie ujinga usio wake.