Madude ya Bei Poa

Kati ya mwaka 1953 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, Marekani ilitoa sinema nyingi fupi, karibu zote za nyeusi na nyeupe, ambamo dude fulani linaibuka kutoka baharini, jangwani au angani na kuanza kuua watu. Dude hilo huwa mdudu aliyekua kupita kiasi, kiumbe wa sayari nyingine, au mnyama wa kale aliyeamshwa na mlipuko wa bomu la nyuklia. Filamu nyingi za aina hii hazifiki dakika 90. Baadhi zilipigwa kwa wiki moja tu, kwa gharama isiyofika dola 100,000, wakati studio kubwa za Hollywood zikimwaga mamilioni kwa filamu moja. Ukata huo ndio uliozipa sura: mapango, giza, mayowe, na mwanasayansi mwenye koti jeupe anayeeleza kwa mdomo yale ambayo fedha ya kuyaonyesha haikuwepo.

Soko lake lilitokana na misukosuko ya biashara ya sinema. Mwaka 1948 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu dhidi ya Paramount na wenzake, na studio kubwa zikalazimika kuachana na majumba ya sinema zilizokuwa zikiyamiliki. Televisheni nayo ikaingia sebuleni, watu wazima wakabaki nyumbani. Studio zikapunguza filamu ndogo za kusindikiza zile kubwa, huku wenye majumba wakiendelea kuhitaji filamu mbili kwa kila onyesho. Walioendelea kutoka usiku ni vijana, na vijana wengi wa Marekani wa wakati huo walikuwa na gari, au waliweza kuazima la baba. Kiwanja cha kwanza cha kutazamia sinema ndani ya gari kilifunguliwa Camden, New Jersey, mwaka 1933. Kufikia mwaka 1958 vilikuwa vimezidi 4,000. Nairobi na Dar es Salaam nazo zilikuja kuwa na viwanja vya namna hiyo. Mteja aliegesha, akatundika spika dirishani, na mara nyingi hakuwa amekuja kwa ajili ya filamu peke yake. Mtazamaji wa aina hiyo hana masharti mengi. Anataka kitu cha kumfanya aliyeketi naye ashtuke na kusogea karibu.

Kwa nini dude, na si majambazi au wachunga ng'ombe? Mwaka 1952 filamu ya King Kong ya mwaka 1933 ilirudishwa kwenye majumba ya sinema na kujaza viti kama vile ni mpya. Mwaka uliofuata ikatoka The Beast from 20,000 Fathoms, hadithi ya mjusi wa kale aliyelala kwenye barafu ya Aktiki hadi alipoamshwa na jaribio la bomu. Iligharimu takriban dola 200,000, ikanunuliwa na Warner Bros., na ikaingiza mamilioni. Mwaka 1954 kampuni hiyohiyo ikaleta Them!, yenye siafu wakubwa kuliko magari waliozaliwa na mionzi ya majaribio ya New Mexico. Tangu hapo bomu likawa jibu la kila swali. Mwandishi wa hadithi hakuhitaji tena kueleza panzi amekuaje mkubwa kiasi hicho. Alitaja mionzi, na watu wakaelewa. Hofu yenyewe haikuwa ya kubuni. Machi 1954 bomu la haidrojeni lililolipuliwa na Marekani kwenye kisiwa cha Bikini liliwanyeshea majivu wavuvi wa Kijapani waliokuwa kwenye mashua ya Daigo Fukuryū Maru, na kabla mwaka haujaisha kampuni ya Toho ya Tokyo ikawa imetoa Godzilla. Filamu hiyo haikuwa ya bei rahisi kwa vipimo vya Japani, ila muda ulikuwa mfupi. Fundi wake, Eiji Tsuburaya, angependa kutumia mwanasesere anayesogezwa kidogo kidogo. Saa hazikutosha, hivyo mwigizaji Haruo Nakajima akavishwa vazi zito la mpira na kuambiwa abomoe mji wa vielelezo.

Hiyo njia ya mwanasesere ndiyo iliyokuwa ya heshima, na bingwa wake alikuwa Ray Harryhausen, aliyemtengeneza mjusi wa mwaka 1953. Mwanasesere ana mifupa ya chuma yenye viungo, na juu yake kuna nyama ya mpira. Fundi anamsogeza kwa kiasi kidogo kabisa, anapiga picha moja, anamsogeza tena, anapiga nyingine. Sekunde moja ya filamu inakula picha 24. Kazi ya siku nzima inaweza kupita mbele ya mtazamaji kabla hajameza bisi zilizo mdomoni. Kwa kuwa kila kiungo kinachosogea ni muda, na muda ni fedha, Harryhausen alijifunza kupunguza viungo. Katika It Came from Beneath the Sea ya mwaka 1955, pweza anayelivunja daraja la Golden Gate mjini San Francisco ana minyiri sita badala ya minane. Miwili iliyokosekana iliokoa bajeti ya mtayarishaji Sam Katzman, na kwa kuwa sehemu ya mwili inabaki majini muda wote, watazamaji wachache sana walihesabu.

Wengi hawakuwa na hata fedha ya pweza wa minyiri sita. Mwaka 1954 James H. Nicholson na mwanasheria Samuel Z. Arkoff walianzisha kampuni ambayo baadaye iliitwa American International Pictures, na biashara yao ilianzia mwisho. Kwanza Nicholson alibuni jina. Kisha msanii akachora bango: dude kubwa, mwanamke anayepiga kelele, mji unaoungua. Bango likaonyeshwa kwa wenye majumba ya sinema, na wakilipenda ndipo mtu alipotafutwa wa kuandika hadithi. Matatizo ya mpango huo yalionekana mapema. The Beast with a Million Eyes ya mwaka 1955 ilikuwa na bango la dude lenye macho chungu nzima, ilhali ndani ya filamu adui alikuwa nguvu isiyoonekana inayowapagawisha wanyama. Wasambazaji walipolalamika, fundi kijana Paul Blaisdell aliitwa haraka atengeneze mwanasesere mdogo wa kuchomeka mwishoni kwa malipo ya kutupwa. Macho milioni hayakupatikana.

Kampuni hiyo iligundua pia ujanja wa hesabu. Filamu ya kusindikiza ililipwa ada isiyobadilika, tena ndogo, na ile kuu ndiyo iliyopata asilimia ya mapato ya mlangoni. Nicholson na Arkoff wakaanza kutengeneza zote mbili na kuziuza kama mzigo mmoja, ili asilimia yote irudi kwao. Ndiyo maana filamu hizi zilitoka mbilimbili, na ndiyo maana zilihitajika kwa wingi na kwa haraka. Mtu aliyewafaa zaidi alikuwa Roger Corman, msomi wa uhandisi kutoka Chuo Kikuu cha Stanford, aliyepanga siku ya kazi kama meneja wa kiwanda: pembe zote za upande mmoja wa chumba zinapigwa kwanza, taa zinahamishwa mara moja tu, na kosa dogo la mwigizaji halirudiwi.

It Conquered the World ya mwaka 1956 inaonyesha vizuri mfumo huo ulivyofanya kazi, na ulivyokwama. Dude linatoka sayari ya Zuhura. Corman alisimulia kwamba alifikiri kihandisi: sayari yenye mvutano mkali itazaa kiumbe mfupi, mpana, anayekaa karibu na ardhi. (Mvutano wa Zuhura ni mdogo kidogo kuliko wa dunia, lakini hilo halikumnyima mtu usingizi.) Blaisdell akatengeneza pia ya mpira wa sponji yenye meno makubwa, macho ya hasira na mikono kama ya kaa, naye akakaa ndani yake kuiendesha. Mwigizaji Beverly Garland alipoliona, kwa simulizi ya Corman, alilisogelea, akaliangalia kutoka juu, akauliza kwa kejeli kama hilo ndilo lililokuja kuiteka dunia, kisha akalipiga teke. Dude likaongezwa kimo. Kosa kubwa zaidi lilikuja baadaye. Blaisdell alilitengeneza liketi ndani ya pango, gizani, lionekane nusunusu. Siku ya kupiga picha ya mwisho likaburutwa hadi nje, kwenye jua la mchana, na kila mtazamaji akaona kwamba anatazama sponji. Ndani ya pango dude hilo lina uzito fulani hata leo, ila nje ni kichekesho.

Pango lenyewe lina historia yake. Ni Bronson Canyon, machimbo ya mawe yaliyoachwa ndani ya bustani ya Griffith mjini Los Angeles, dakika chache tu kutoka studio. Pembe moja inatoa jangwa, nyingine inatoa mwezi, na mlango wa handaki unafaa kwa maficho ya kiumbe yeyote. Ni hapohapo Phil Tucker alipopiga Robot Monster mwaka 1953, kwa siku nne. Tucker hakuweza kumudu vazi la roboti, lakini alimfahamu George Barrows, mwigizaji aliyekuwa na vazi lake mwenyewe la sokwe. Juu ya shingo ya sokwe akaweka kofia ya mzamiaji yenye antena, na mvamizi wa kutoka angani akawa tayari. Muziki wa filamu hiyo, kwa ajabu, ni mzuri: uliandikwa na Elmer Bernstein, ambaye miaka saba baadaye aliandika ule wa The Magnificent Seven.

Njia nyingine ya kuepuka gharama ilikuwa kumtumia mnyama halisi na kumkuza kwa kamera. Jack Arnold alifanya hivyo kwa ustadi katika Tarantula ya mwaka 1955: buibui wa kweli alisukumwa kwa mipulizo ya hewa juu ya vilima vya vielelezo, kisha picha yake ikaunganishwa na ya jangwa. Bert I. Gordon hakuwa na subira hiyo. Kwa ajili ya Beginning of the End ya mwaka 1957 aliagiza panzi 200 kutoka Texas na, kama alivyosimulia, walianza kulana wao kwa wao hadi wakabaki wachache tu. Waliosalia aliwatembeza juu ya picha kubwa za majengo ya Chicago. Mara moja moja panzi anapita ukingo wa jengo na kuendelea kutembea juu ya mbingu, kwa kuwa mbingu nayo ni karatasi. Huko Texas kwenyewe, watengenezaji wa The Killer Shrews ya mwaka 1959 waliwavika mbwa ngozi za manyoya na kuwaita virukanjia. Mbwa hao wanatikisa mikia, na ukweli huo hauna dawa.

Aibu kubwa kuliko zote pengine ni ya The Giant Claw ya mwaka 1957. Waigizaji walicheza kwa dhati kabisa, wakitazama juu angani kwa hofu, bila kuonyeshwa ndege mkubwa ambaye angeingizwa baadaye. Katzman alimwagiza kwa mafundi wa Meksiko kwa bei ya chini, na aliyeletwa alikuwa na shingo ndefu, macho yaliyotoka nje na kishungi cha nywele kichwani. Jeff Morrow, mwigizaji mkuu, alisimulia kwamba alimwona kwa mara ya kwanza ndani ya jumba la sinema la mji wake, katikati ya majirani waliokuwa wakicheka, akanyata kutoka nje kabla taa hazijawashwa.

Si kila mwenye mfuko mwembamba aliaibika. The Blob ya mwaka 1958 ilitengenezwa Pennsylvania, mbali na Hollywood, na Irvin Yeaworth, ambaye kazi yake ya kawaida ilikuwa filamu za mafundisho ya dini. Iligharimu zaidi kidogo ya dola 100,000, ilikuwa ya rangi, na ilimwonyesha Steve McQueen, mwanamume wa miaka 27, kama kijana wa shule. Dude lake halina uso, miguu wala vazi: ni uji mzito wa silikoni uliotiwa rangi nyekundu. Ili uonekane unatambaa, mafundi walifunga kielelezo cha jengo na kamera kwenye meza moja. Meza ikiinamishwa, uji unateleza; na kwa kuwa kamera nayo imeinama, mtazamaji anaona jengo limesimama wima na uji ukijisogeza wenyewe. Hakuna zipu ya kuficha wala uzi wa kuonekana. Paramount iliinunua, na ikalipa faida kubwa.

Kundi hili lilianza kufifia mwanzoni mwa miaka ya 1960. Corman alihamia filamu za rangi zenye majumba ya kale na makaburi, kuanzia House of Usher ya mwaka 1960. Madude ya zamani yakauzwa kwa mafungu kwenye vituo vya televisheni, yakaonyeshwa usiku wa manane na Jumamosi mchana, na watoto waliokuwa wakiyatazama, akina Steven Spielberg na Joe Dante, wakakua na kutengeneza ya kwao kwa fedha nyingi.

Urithi unaoonekana wazi zaidi ni wa It! The Terror from Beyond Space ya mwaka 1958, ambamo kiumbe wa Mirihi anajipenyeza kwenye chombo cha angani na kuua mmoja baada ya mwingine. Ray Corrigan, aliyevaa vazi lake, hakwenda kupimwa na Blaisdell. Siku ya kazi kidevu chake kikachomoza mdomoni mwa dude, na mafundi wakakipaka rangi kifanane na ulimi. Hadithi hiyohiyo kwa kiasi kikubwa ilirudi mwaka 1979 kwa jina la Alien, safari hii kwa takriban dola milioni 11. Fedha zilikuwepo, lakini dude lilibaki mtu ndani ya vazi: Bolaji Badejo, Mnigeria mwenye kimo cha zaidi ya mita mbili, mwanafunzi wa sanaa mjini London. Safari hii vazi lilimkaa mwilini, na mwongozaji Ridley Scott akamweka gizani na kumwonyesha kwa dakika chache tu za filamu nzima.