Mkono Husema Yaliyoushinda Ulimi

Mtoto anayeumizwa na mtu aliyepaswa kumlinda mara nyingi hana maneno ya kueleza yaliyomkuta. Hukua nayo mwilini: usingizi wa kushtukashtuka, moyo kwenda mbio mlango ukibamizwa, hasira asiyojua imetoka wapi. Ukimwambia ukubwani aeleze, huenda asiweze. Mikono ikitangulia, ulimi unaweza kufuata.

Mchongaji Louise Bourgeois, aliyezaliwa Paris mwaka 1911, aliligundua hilo mapema. Baba yake alikuwa na uhusiano wa kimapenzi na mwalimu wa watoto aliyeishi nao nyumba moja, na mama alijua akanyamaza. Bourgeois alisimulia kwamba siku moja mezani, baba akijigamba, yeye alikanda mkate mweupe kwa mate, akafinyanga umbo la baba, kisha akalikata viungo kwa kisu. Hiyo aliihesabu kuwa sanamu yake ya kwanza.

Mwaka 1974, baba akiwa amekwisha kufariki, alikirudia kisa hicho katika sanamu iitwayo The Destruction of the Father (Maangamizi ya Baba). Alinunua vipande vya nyama, akavipiga kalibu kwa plasta, akatandaza maumbo yake ndani ya kitu mfano wa pango lenye mwanga mwekundu. Katika fikra zake, watoto wamechoka na baba, wamemvuta juu ya meza, wamemla.

Kinachosaidia hapo ni nini? Kumbukumbu ya kiwewe huingia bila hodi, lakini sanamu hukaa pale ulipoiweka. Unaizunguka, unaifunika, unaivunja ukitaka. Aliyekuwa mdogo mbele ya mkosaji sasa ndiye anayeamua ukubwa wa kila kitu. Na ubaridi wa udongo viganjani humrudisha mtu kwenye saa hii, mahali hapa, ambapo hayuko hatarini.

Hata hivyo, Bourgeois hakuutegemea uchongaji peke yake. Kuanzia mwaka 1952 alikuwa akionana na daktari wa uchanganuzi nafsi kwa miaka mingi. Nawe ukifinyanga ukaanza kutetemeka au kukosa pumzi, weka udongo kando, nawa mikono, na umtafute mshauri nasaha. Mtoto naye akikuletea alichofinyanga, usimhoji, "Huyu ni nani?" Mwambie, "Nisimulie," kisha usikilize. Akitaja kuumizwa, mwamini na umpatie ulinzi kwanza, udongo utasubiri.

Wala Bourgeois hakumchonga baba tu. Mwaka 1999, akikaribia miaka 88, alikamilisha Maman (Mama, kwa Kifaransa), buibui wa chuma mwenye kimo cha zaidi ya mita 9, kwa heshima ya mama yake aliyekuwa akitengeneza upya vitambaa vya kale vya kufumwa. Kupona, basi, si kumkabili aliyekuumiza tu. Aliyekupenda naye anastahili sanamu, na unaweza kuanza kwa kumfinyanga yeye.