Usiweke dawa ya magugu kwenye chupa ya soda

Palizi imeisha na dawa ya magugu imebaki kidogo kwenye dumu. Baba anaimimina kwenye chupa ya soda na kuisukuma chini ya kitanda. Rangi yake ni ya bluu au kijani, kama juisi. Mtoto mwenye kiu hatajua tofauti.

Mojawapo ya dawa hizo ni glufosineti amoniamu. Kwenye lebo, tafuta jina linaloanza na herufi GLUFO. Kikemia ni chumvi ya amonia inayotokana na asidi ya kikaboni, nayo huyeyuka upesi kwenye maji. Ikiingia kwenye gugu, huzuia kimeng'enya kinachotumia amonia. Amonia hujaa kwenye majani, nayo hukauka ndani ya siku chache.

Hatari yake kubwa kwa binadamu ni kwamba hujificha. Aliyeinywa anaweza kutapika, kisha akatulia na kuonekana mzima. Saa kadhaa baadaye, au hata kesho yake, anaweza kuchanganyikiwa, kupata degedege, kupoteza fahamu na kushindwa kupumua. Madaktari wa Japani na Korea Kusini wameona hali hii kwa wagonjwa wengi. Degedege likija siku ya pili, ni rahisi familia kudhani ni malaria.

Haina dawa maalumu ya kuiua sumu yake. Hospitali humsaidia mgonjwa kupumua na kutuliza degedege wakati mwili ukiitoa sumu. Ndiyo maana kuwahi ni muhimu.

Mtoto akiinywa:

- Mpeleke hospitali mara moja, hata kama anacheza.
- Usimtapishe, na usitegemee maziwa kuwa tiba.
- Beba chupa au lebo ya dawa, na mweleze daktari saa aliyokunywa.
- Ikimwagikia machoni au kwenye ngozi, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi. Nguo zilizolowa zivuliwe.

Kabla hayajatokea:

- Acha dawa kwenye chombo chake chenye lebo, uifungie kwa kufuli mbali na chakula.
- Usiache bomba la kupulizia likiwa na dawa uani.
- Dumu tupu lisitumike kuchotea maji, hata likioshwa mara ngapi.

Mzazi, leo kabla ya kulala, chungulia chini ya kitanda.