Umeme Ukikatika Katikati ya Mvua: Betri Gani kwa Pampu ya Shimo la Maji?

Gasenyi iko kaskazini mwa Bujumbura, chini ya milima, na korongo lenye jina hilohilo ni moja ya njia za maji yanayoteremka kuelekea Ziwa Tanganyika. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2014, maji ya milima hii yaliua watu zaidi ya 60 katika mitaa ya kaskazini, Kamenge na Kinama miongoni mwake. Betri haizuii mafuriko ya namna ile. Ukisikia korongo linanguruma, chukua watoto uondoke.

Ninazungumzia shida ndogo zaidi, ile ya kila masika: nyumba iliyochimbiwa kwenye mteremko, au iliyo chini ya usawa wa barabara, ambayo maji huchipuka sakafuni. Mwenye nyumba amechimba shimo pembeni na kutumbukiza pampu yenye boya. Maji yakipanda, boya linainuka, pampu inawaka na kuyasukuma hadi mtaroni. Umeme wa shirika la REGIDESO ukikatika, kazi inaishia hapo, na mara nyingi hukatika mvua ikiwa imepamba moto.

Jibu la miaka mingi lilikuwa jenereta. Kwa uhaba wa mafuta ambao Burundi imeuona miaka hii ya karibuni, siwezi kumshauri mtu aweke usalama wa nyumba yake kwenye dumu la petroli. Tena jenereta inataka mtu aamke aiwashe, na moshi wake huua ikiwashwa ndani. Inabaki betri.

Wengi hukimbilia dukani kuulizia betri kubwa kabla ya kujua wanahitaji nini. Anza shimoni. Mvua ikinyesha, kausha shimo, zima pampu, kisha angalia maji yanapanda sentimita ngapi kwa dakika. Katika shimo la sentimita 60 kwa 60, kila sentimita 10 ni lita 36. Yakipanda sentimita 10 kwa dakika, nyumba inaingiza lita 2,160 kwa saa. Hiyo ndiyo hesabu ya kwenda nayo dukani.

Tuseme pampu yako inakula wati 500 na inatoa kama lita 8,500 kwa saa kwa mwinuko wa shimo lako. Itafanya kazi robo tu ya muda. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini ukitaka idumu usiitumie kupita nusu. Inveta, ile inayogeuza umeme wa betri uendeshe pampu ya kawaida, nayo inakula sehemu yake. Halafu zile ampea-saa 100 zilizoandikwa ubavuni kwa kawaida zimepimwa kwa kuvuta ampea 5 kwa muda wa saa 20; ukivuta karibu ampea 50 kwa mkupuo, hupati zote. Kwa hesabu hii utapata kama saa tatu na nusu. Betri ya lithiamu ya ukubwa huohuo, ambayo inaweza kutumika hadi asilimia 80, itakupa kama saa sita na nusu.

Sasa badilisha pampu, uache betri. Kuna pampu ndogo za volti 12, zile za kutolea maji kwenye boti, zinazokula wati 100 hivi na kufungwa moja kwa moja kwenye betri bila inveta. Chukua inayotoa lita 3,000 kwa saa kwa mwinuko wa shimo lako. Uliza kwa mwinuko huo hasa, kwa sababu namba kubwa iliyo kwenye boksi hupimwa maji yakiwa hayapandishwi popote. Itafanya kazi zaidi ya theluthi mbili za muda, lakini betri ileile ya risasi itafika saa nane. Umekwepa gharama ya inveta, na una pampu ya pili endapo ile kubwa itaungua. Kwa familia yenye fedha kidogo, kwangu hili ndilo chaguo la kwanza. Pampu hiyo iwe na boya lake, na bomba lake liwe na valvu ya kuzuia maji yasirudi, la sivyo utayasukuma maji yaleyale mara mbili.

Anayebaki na pampu kubwa anunue inveta ya mawimbi laini. Zile za bei rahisi zenye mawimbi ya ngazi hupasha mota joto. Asitazame wati 500 peke yake. Mota ikiwaka huvuta mara tatu hadi sita kwa muda mfupi sana, hivyo inveta iwe ya wati 2,000 au zaidi. Kwa betri ya lithiamu, ulizia ulinzi wake wa ndani unaruhusu ampea ngapi, maana ukizidiwa utakata umeme pampu inapotaka kuanza.

Je, lithiamu inastahili bei yake? Tuseme inauzwa mara mbili na nusu ya bei ya risasi. Risasi hutoa mizunguko mia kadhaa, lithiamu zaidi ya elfu mbili. Betri isiyoguswa ila masika haitafikia idadi hiyo, kwa hiyo risasi iliyozibwa inatosha. Lakini ni nyumba gani Gasenyi itakaa gizani huku betri imejaa? Itawasha taa, itachaji simu, itatumika kila wiki. Zaidi ya hapo, risasi inataka kama saa nane hadi kumi kujaa vizuri, na umeme hausubiri ijae ndipo ukatike tena. Lithiamu yenye chaja inayoifaa hujaa kwa saa tatu au nne. Mwenye uwezo aongeze, anunue hiyo.

Betri ya gari iache garini. Imetengenezwa kupiga stata, na ukiimaliza mara chache tu inakufa.

Ukienda kununua, mtaani Buyenzi au kwingineko, omba mizani. Betri ya risasi ya ampea-saa 100 ina uzito wa kilo 27 hadi 30. Ikiwa na kilo 18, haina risasi ya kutosha, haijalishi karatasi yake inasema nini. Ikiwa imepumzika, ipime: volti 12.7 ni nzuri, 12.2 ni nusu. Angalia na tarehe ya kutengenezwa. Nyumbani iweke juu ya maji, penye hewa na mbali na jua, kwani joto huifupishia maisha. Kisha mwezi Agosti, kukiwa kukavu, zima swichi kubwa na umimine ndoo za maji shimoni mpaka boya liinuke.